Kutengwa kanisani kuwe na tarehe ya kuisha

Kwa Mhariri,

Katika makanisa mengi kuanzia Nakuru hadi Busia, tangazo la kumsimamisha mtu huduma huwa fupi kuliko tangazo la harusi. Katibu husimama baada ya sadaka, hutaja jina, husema kwamba ndugu huyo au dada huyo amewekwa kando hadi kikao kitakapoamua vingine, kisha huendelea na habari za mkutano wa akina mama. Waumini hawaambiwi nani atatembea na mhusika, wala kikao kitakaa tena lini. Mwaka unapita. Wazee wanabadilishwa, faili linapotea, na yule aliyeanguka anakuwa ameshahamia kanisa jingine ng'ambo ya barabara, au ameacha kabisa kusali.

Ombi langu ni moja: kila anayetengwa apewe tarehe ya kuisha kwa nidhamu yake, iandikwe, na watajwe watu waliopewa kazi ya kumrudisha. Msamaha wa Mungu haungoji kikao. 1 Yohana 1:9 haina masharti ya miezi. Lakini kurudi katika ushirika na kuaminiwa tena na watu ni kazi yenye hatua, na hatua hizo wazee wetu wengi hawakufundishwa. Wamefundishwa kutenga tu.

Wapo watakaosema kwamba kuweka tarehe ni kuifanya dhambi kuwa nyepesi. Nawaomba wasome upya 2 Wakorintho 2:6-8. Paulo anasema adhabu aliyopewa mtu yule na walio wengi inatosha, sasa wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni kupita kiasi. Neno "inatosha" ndilo tunalolikwepa. Hata Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, ambao hakuna anayeweza kuuita mlegevu, uliweka hesabu. Kanuni yake ya 11 inawahusu walioikana imani bila kushurutishwa wakati wa utawala wa Licinius, mtawala wa Kirumi: miaka 3 kati ya wasikilizaji, miaka 7 ya kusujudu kama watubuji, na miaka 2 ya kusali pamoja na waumini bila kushiriki Meza ya Bwana. Jumla miaka 12. Ni mizito, lakini mtu alijua yuko mwaka wa ngapi. Kanuni iliyofuata ikampa askofu nafasi ya kumpunguzia aliyeonyesha majuto kwa matendo, na ya 13 ikaagiza kwamba anayekaribia kufa asinyimwe Ushirika. Sisi tunatenga bila mwaka wala mwezi, halafu tunajiita wenye huruma.

Kabla ya kuzungumzia kurudi, lazima tuseme jinsi watu wanavyoanguka, kwa sababu mzee asiyejua njia aliyopitia mtu kwenda shimoni hawezi kumwonyesha njia ya kutoka. Anguko la Daudi katika 2 Samweli 11 limeandikwa kwa vitenzi vinavyofuatana. Alikaa Yerusalemu jeshi lilipokwenda vitani, akaondoka kitandani jioni, akatembea juu ya dari, akaona, akauliza, akaambiwa ni mke wa Uria, akatuma watu, akamtwaa. Kati ya kuuliza na kutuma, aliambiwa waziwazi kwamba yule ni mke wa mtu. Ule mlango wa kutokea unaotajwa katika 1 Wakorintho 10:13 ulikuwa wazi hapo, na ulikuwa wazi mara kadhaa kabla ya hapo.

Karibu kila aliyeanguka husema, "Ilitokea tu ghafla." Haikutokea ghafla. Anayemsaidia achukue karatasi na kuandika mambo kinyumenyume, kuanzia tendo lenyewe kurudi nyuma: ilikuwa saa ngapi, wapi, nani alikuwepo, mfukoni kulikuwa na pesa ngapi, simu ilikuwa mkononi tangu saa ngapi, alikuwa amekula, alikuwa amegombana na nani nyumbani. Kwa kawaida mlango ulio rahisi kutokea utapatikana hatua tano au sita kabla ya dhambi yenyewe. Kuiacha simu sebuleni saa tatu usiku ni rahisi. Kuizima saa saba usiku, picha zikiwa tayari kwenye kioo, ni vigumu mno. Ndiyo maana maombi ya "Bwana nipe nguvu" yanayosubiri hadi dakika ya mwisho huonekana kana kwamba hayajibiwi, ilhali nguvu ilitolewa mapema, wakati mtu alipokuwa bado hajaona hatari.

Chukua pesa za kanisa. Sadaka huhesabiwa Jumapili saa saba mchana, benki zimefungwa, basi pesa zinalala kwa mweka hazina. Au zinaingia kwenye laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake, ambamo pesa za kanisa na za unga zinakaa pamoja. Kwanza anakopa 500 za nauli ya mtoto na kuzirudisha Ijumaa, kwa uaminifu kabisa. Mara ya pili anakopa 2,000. Hajioni kuwa mwizi, kwa kuwa kila mara alirudisha. Siku karo ya muhula inapodaiwa, mkono umeshazoea. Hapa dawa si mahubiri. Watu watatu wasio wa familia moja wahesabu pamoja, waandike kwa wino kwenye kitabu cha sadaka, watie sahihi wote watatu, na pesa ziingie kwenye akaunti ya kanisa siku hiyohiyo kupitia nambari ya Paybill au wakala wa benki. Laini yoyote inayopokea sadaka itolewe taarifa ya M-Pesa kila mwezi. Hupatikana kwa *334#, na isomwe mbele ya kamati, mstari kwa mstari. Kanisa lililomwachia mtu mmoja funguo, kitabu na simu limemjaribu mtu huyo, na siku atakapoanguka wazee wakumbuke sehemu yao.

Wengi wa wanaokopa hivyo siku hizi wanabeti. Kijana akiweka mkeka wa mechi tano, hata tuchukulie kila mechi ana nusu ya nafasi ya kupatia, nafasi ya zote tano kuingia ni 1 kati ya 32. Mechi kumi, ni 1 kati ya 1,024. Na katika soka kuna ushindi, sare na kushindwa, kwa hiyo hata hiyo nusu mara nyingi hana. Kinachomwangusha zaidi si tamaa ya utajiri. Ni tamaa ya kurudisha alichopoteza jana. Akishapoteza 3,000 za chama, anaona njia pekee ya kuzirudisha kabla ya mkutano wa Jumamosi ni kuweka nyingine. Anayetaka kuacha afunge akaunti zote za kubeti siku moja, aombe kampuni zimzuie asiingie tena, afute programu zake, na mshahara wake uanze kupita kwa mke au ndugu anayemwamini kwa miezi michache. Kumwambia tu asimame imara hakutoshi, kwani duka la kubeti liko mfukoni mwake.

Katika uzinzi, watumishi huangukia zaidi mahali pa huruma. Mama analia ofisini, mchungaji anafunga mlango ili asiaibike, ujumbe wa faraja unatumwa saa nne usiku, na baada ya mwezi hakuna anayejua ni nani alimfariji nani. Ushauri ufanywe mchana, mlango ukiwa wazi au wenye kioo, mtu mwingine akiwa anaonekana, na mwanamke ashauriwe na mwanamke mwenzake pale inapowezekana. Mazungumzo ya simu baada ya saa tatu usiku yasubiri asubuhi, isipokuwa kuna hatari ya uhai. Yusufu katika Mwanzo 39 hakukataa tu kulala na mke wa Potifa. Aya ya 10 inasema alikataa hata kuwa naye, siku baada ya siku. Kukimbia na kuacha vazi kulikuja mwishoni. Wahubiri wetu husahau kumalizia kwamba alitupwa gerezani kwa uaminifu wake. Anayefundishwa kwamba kushinda jaribu huleta baraka papo hapo atakata tamaa siku atakapopoteza kazi kwa kumkataa bosi wake.

Kuhusu pombe nitasema neno moja ambalo linaweza kuokoa maisha. Mtu aliyekunywa chang'aa kila siku kwa miaka asiachishwe ghafla kwa mkesha na kufunga peke yake. Arosto ya pombe inaweza kuanza saa chache tu baada ya glasi ya mwisho, na ndani ya siku mbili au tatu za kwanza mwili unaweza kutetemeka, kutoa jasho, kuona visivyokuwepo na kushikwa na degedege linaloua. Makanisa mengine huyaita hayo mapepo na kuongeza saa za maombi. Apelekwe hospitali, aombewe huko. Nambari ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, nayo hupigwa bila malipo.

Sasa mtu ameshaanguka. Saa za kwanza ndizo zinazoamua mengi, na makosa ya saa hizo yanajulikana. Wapo wanaojificha, wakisubiri wajisikie wasafi kwanza ndipo waombe. Zaburi ya 32 inaeleza matokeo yake: mwandishi wake aliponyamaza, mifupa yake ilichakaa. Wapo wanaojitwika nadhiri kubwa, kufunga siku 40 na kuapa kutorudia kamwe, kisha wanavunja siku ya tatu na kuhesabu sasa dhambi mbili. Na wapo wanaoungama kwa lugha ya jumla, "nimeteleza kama binadamu." Ungamo la namna hiyo halimponyi mtu, kwa sababu halijataja kidonda. Katika Zaburi ya 51 Daudi hakulaumu dari, wala jioni, wala mwanamke aliyekuwa akioga. Alisema "makosa yangu," "uovu wangu," "dhambi yangu."

Basi aliyeanguka ataje dhambi kwa jina lake mbele za Mungu siku hiyohiyo, kwa maneno machache. Wizi auite wizi. Halafu, kabla ya siku tatu kwisha, amwambie mtu mmoja aliyekomaa. Yakobo 5:16 inaunganisha kuungamiana na kuponywa. Mtu huyo asiwe mwajiriwa wake, asiwe wa jinsia nyingine, asiwe mhusika katika jambo lenyewe, na awe ameshathibitika kutunza siri ndogo kabla ya kupewa kubwa. Aliyeanguka ayajibu maswali haya mbele yake: nini, mara ngapi, nani ameumia, je, linaendelea, na pesa au mawasiliano yako wapi sasa. Swali la kama linaendelea ndilo linalorukwa mno. Watu huungama dhambi ya mwezi jana huku namba ya simu ya mtu yuleyule bado imehifadhiwa kwa jina la fundi wa mabomba.

Wakatoliki wana njia iliyonyooka zaidi, na sisi wengine tungejifunza: kutafuta dhambi moyoni, kujuta, kukusudia kutorudia, kuungama kwa padri, kutimiza malipizi. Padri haruhusiwi kufichua alichosikia katika maungamo kwa sababu yoyote ile. Katika makanisa ya Kiprotestanti hatuna muhuri huo, kwa hiyo mzee anayesikiliza aseme mapema, kabla mtu hajafungua kinywa, nini atakitunza na nini hawezi kukitunza. Siri ikitoka kwa mzee Jumatatu na kufika sokoni Jumatano, waumini wote walioisikia wamejifunza kutoungama tena.

Eneo letu lina historia ndefu ya kuungama hadharani. Uamsho wa Kaimosi, magharibi mwa Kenya, wa 1927 ulikuwa na maungamo ya wazi. African Israel Church Nineveh, iliyoanzishwa na Zakayo Kivuli mwaka 1942, iliyaweka maungamo ndani ya ibada. Ndugu wa uamsho wa Tukutendereza, ulioanzia Rwanda na Uganda na kufika Nyanza mwishoni mwa miaka ya 1930, waliita jambo hilo kutembea nuruni. Walitaja dhambi kwa jina, walirudisha vitu walivyoiba hata kwa waajiri wao, na heshima yao kwa jambo hilo ni ya haki. Lakini palipotajwa uzinzi na majina mbele ya mkutano, mke aliyekuwa ameketi kwenye benchi alijua habari za nyumba yake pamoja na majirani, dakika ileile. Huyo alijeruhiwa mara mbili. Kanuni ambayo waungamishaji wa zamani waliishika bado ni nzuri: upana wa ungamo ulingane na upana wa jeraha. Dhambi iliyomuumiza Mungu na dhamiri iishie kwa Mungu na yule msikilizaji mmoja. Iliyomuumiza mwenzi ifike kwa mwenzi, faraghani. Iliyokula sadaka ya watu 200 isemwe mbele ya watu 200, kwa kiasi cha pesa na bila maelezo ya ziada.

Lipo jambo ambalo halina mjadala wa kikao. Mtoto akiwa amedhulumiwa kingono, aliyetenda awe mwimbaji au askofu, wazee hawana mamlaka ya kulimaliza. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inalifanya kuwa kesi ya Serikali, na ng'ombe au bahasha kati ya familia mbili haiifuti. Mtoto afikishwe hospitali ndani ya saa 72, asiogeshwe kwanza, nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi wala si wa plastiki, na polisi wajulishwe. Nambari 116 ya watoto ni ya bure. Mtendaji anaweza kutubu akiwa rumande, na mchungaji ana ruhusa ya kumtembelea huko kila wiki.

Baada ya ungamo ni malipo. Torati ni wazi kuliko wengi tunavyokumbuka. Walawi 6 na Hesabu 5 zinataka mwizi arudishe chote na kuongeza sehemu ya tano. Aliyechukua 30,000 anarudisha 36,000. Kama anapata kidogo, 3,000 kwa mwezi inamaliza kwa mwaka mmoja. Zakayo wa Yeriko aliahidi mara nne, na tazama mpangilio wake katika Luka 19: Yesu aliingia nyumbani mwake kwanza, ahadi ikafuata. Malipo ni tunda la msamaha, si bei yake. Mchungaji anayemwambia mtu apande mbegu ya pesa ili asamehewe anauza kitu kisicho chake. Pesa zirudishwe benki kwa akaunti iliyoibiwa, stakabadhi zihifadhiwe, zisipitie mkononi mwa mzee yeyote. Kosa jingine la kawaida ni ukoo kufanya harambee na kulipa deni lote kwa wiki moja ili kuzima aibu. Aliyeiba hatoi jasho, hajifunzi chochote, na baada ya miaka miwili ukoo unaitwa tena.

Uzinzi hauna kiasi cha kurudisha, lakini una wajibu wake. Mawasiliano yakatwe, hata ikibidi kubadilisha laini au kuhama kwaya. Mtoto aliyezaliwa atunzwe. Toba ya baba isiyomlisha mtoto wake inanitia shaka. Na lipo jambo ambalo wazee hulionea haya wakati hali ya kaunti zetu za kando ya ziwa haituruhusu haya: virusi vya Ukimwi. Siaya, Homa Bay na Kisumu ni miongoni mwa kaunti zenye maambukizi ya juu zaidi nchini. Kama hazijapita saa 72 tangu tendo lenyewe, dawa za PEP, za kuzuia virusi visishike mwilini, zinaweza kuanza, na humezwa siku 28. Kama zimepita, apimwe sasa na tena baada ya miezi mitatu, na mwenzi aambiwe kabla ya kurudiana kitandani. Kumwambia mke asamehe na kurudi chumbani usiku huohuo bila kipimo ni kuyahatarisha maisha yake kwa jina la upatanisho.

Tena mwenzi aliyeumizwa asisukumwe. Nimechoka kusikia mama akiitwa mbele Jumapili ili amkumbatie mume mbele ya kamera wiki ya pili baada ya kugundua. Kusamehe ni amri ya Bwana, nakubali, ila haikuandikwa kwamba itimizwe mbele ya umati na kwa ratiba ya mchungaji. Anaweza kusamehe leo na bado akahitaji mwaka mzima kuaminishwa. Na palipo na kipigo, usalama wake na wa watoto utangulie mazungumzo yoyote ya kurudi.

Nirudi kwenye barua ya nidhamu, kwa kuwa ndipo penye upungufu wetu mkubwa. Ukurasa mmoja unatosha. Itaje kosa kwa sentensi moja, huduma zilizosimamishwa, na mambo ambayo hayajasimamishwa: kuhudhuria ibada, kuombewa, kutembelewa, kuzikwa kwa heshima na kuzikiwa watu wake. Itaje muda, kwa makosa mengi miezi 6 inatosha kupima mwelekeo wa mtu, na kwa kiongozi aliyetumia cheo chake kuumiza wengine muda uwe mrefu zaidi. Itaje watu wawili wa kutembea naye na siku ya kukutana kila wiki, angalau dakika 45. Itaje tarehe ya tathmini katikati na tarehe ya mwisho. Kikao kikipita tarehe hiyo bila kukaa, nidhamu ihesabiwe imekwisha. Kifungu hiki cha mwisho ndicho kitakachowafanya wazee wakae. Nakala moja apewe mhusika, moja ibaki kwenye faili. Mtumishi akihama kutoka Nakuru kwenda kufungua kanisa Kitale, nakala imfuate. Leo wengi huhama na jina jipya la huduma na hakuna anayeuliza.

Wale wawili wanaotembea naye wasigeuke polisi. Wamuulize wiki ilikuwaje, saa gani ilikuwa ngumu, alifanya nini, na juma hili atakuwa wapi saa hizo. Wasome naye, wale naye. Akirudia, ile karatasi ya kinyumenyume itolewe tena kabla ya lawama yoyote, maana kurudia kunaonyesha mlango ambao mara ya kwanza haukuonekana. Nyumba iliyofagiwa na kuachwa tupu katika Luka 11 ilirudiwa na pepo saba wabaya zaidi. Saa zilizokuwa za dhambi zijazwe kwa kazi, kwaya, mpira, shamba, chochote chenye watu na jasho.

Kurudi nako kuwe kwa ngazi. Kwanza Meza ya Bwana, kisha huduma ndogo ya pamoja, kisha kubwa zaidi. Mweka hazina aliyeiba anaweza kurudi kwenye Meza na kwenye kwaya bila kurudishiwa funguo za sadaka maisha yake yote. Watu huita hilo kinyongo. Mimi naliita kumpenda, kwa sababu hatumpeleki mtu tena mahali alipovunjikia mguu. Petro alimkana Bwana mara tatu kando ya moto wa makaa katika Yohana 18, na katika Yohana 21 alikuta tena moto wa makaa, samaki na mkate. Alilishwa kwanza. Ndipo akaulizwa mara tatu, mbele ya wachache waliokuwa wakila naye, na kila jibu likapewa kazi.

Yuda ndiye anayenisumbua ninapofikiria vikao vyetu. Mathayo 27 inasema alijuta, akarudisha vile vipande 30 vya fedha, akaungama kwa maneno yaliyo wazi kwamba amekosa kwa kuisaliti damu isiyo na hatia. Aliungama na kulipa. Lakini alikwenda kwa makuhani na wazee, nao wakamjibu, hayo yanatuhusu nini, yaangalie mwenyewe. Akatoka, akajinyonga. Sisemi wao ndio waliomuua. Nasema jibu lao linafanana mno na ukimya wa vikao vyetu. Mtu aliyetangazwa Jumapili asilale peke yake Jumapili hiyo. Wale watu wawili waanze kazi usiku huo, wamuulize waziwazi kama anawaza kujiua, kwa kuwa kuuliza hakumpi wazo hilo, na dawa za shambani zilizo ndani ya nyumba zitolewe.

Na tangazo la kumrudisha lisomwe kwa sauti ileile. Kama jina lilitajwa katika ibada ya kwanza na ya pili, kwenye mimbari, na katibu, basi siku tarehe ya mwisho ikifika litajwe katika ibada zote mbili, kwenye mimbari ileile, na katibu yuleyule, kabla ya habari za mkutano wa akina mama.

Mzee wa kanisa,
Kisumu